Siku Nakuru Ilipozama Chini ya Bahari

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kompyuta nikaenda kulima viazi Molo. Sijaenda kulima. Nilikuwa nawinda mdudu. Si mdudu wa kwenye kabichi, ni yule wa ndani ya programu, anayekunyima usingizi kwa siku tatu, kisha ukimpata unagundua kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyemfuga.

Leo nataka kusimulia uwindaji huo, lakini nitausimulia kama historia, kwa sababu mdudu huyu ana ukoo mrefu. Baba yake alizaliwa mwaka 1995, babu yake alilipua roketi mwaka 1996 (ndiyo, babu mdogo kuliko baba, mambo ya kompyuta hayo), na yeye mwenyewe alikuja kuonekana hapa Nakuru mwezi wa Agosti 2024, nilipopandisha toleo la maktaba moja ya hesabu. Leta chai, kaa chini.

Kwanza, kazi yenyewe. Anayeishi Bonde la Ufa anajua kwamba maziwa yetu yamekuwa yakipanda tangu mwaka 2010 hivi. Wazee wa hapa wanakumbuka katikati ya miaka ya 1990, Ziwa Nakuru lilipokauka karibu lote, upepo ukawa unainua vumbi jeupe la magadi mpaka mjini. Nani angeamini kwamba miaka ishirini baadaye lango kuu la mbuga lingemezwa na maji, heroe wengi wahamie Bogoria, na watu wa Mwariki waache nyumba zao? Eneo la ziwa lilitoka takribani kilomita za mraba 40 likapita 60 kufikia mwaka 2020. Baringo nako, kule Kampi ya Samaki, hoteli na maduka yaliingia majini. Mwaka 2021 serikali ilitoa ripoti nzima juu ya jambo hili, ikitaja mvua zilizoongezeka, udongo unaoletwa na mito kutoka milima iliyokatwa miti, na mambo ya chini ya ardhi. Maziwa haya mengi hayana mto unaotoka. Maji yakiingia kuliko yanavyokauka, hayana njia nyingine ila kupanda.

Basi kikundi kimoja cha wakazi kiliniomba msaada. Walikuwa na orodha ya viwanja, kila kimoja na alama yake ya ramani, na walitaka kujua vipi viko chini zaidi, ili wajue pa kuanzia kupima kwa miguu. Niliwaandikia programu fupi ya Python. Inachukua alama ya kiwanja, inasoma urefu wa ardhi mahali hapo kutoka usawa wa bahari, inalinganisha na kimo cha maji ya ziwa, kisha inaandika neno moja kati ya matatu: SALAMA, IMEZAMA, au HAKUNA DATA.

Urefu wa ardhi niliutoa wapi? Hapa historia inaanza kunoga. Tarehe 11 Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliruka kutoka Florida kikiwa na rada, na mlingoti wenye urefu wa mita 60 uliochomoza ubavuni. Kwa siku kumi na moja kilizunguka dunia kikipima milima na mabonde. Kazi hiyo inaitwa SRTM. Kwa miaka mingi sisi wa Afrika tulipewa picha hafifu, nukta moja kwa kila mita 90. Mwaka 2014 zile za mita 30 zikafunguliwa kwa wote, na Afrika ikawa ya kwanza kupewa. Dunia imekatwa vigae, kila kigae nyuzi moja kwa moja. Kigae cha Nakuru kinaitwa S01E036. Ndani yake mna Nakuru, Elmenteita na Naivasha. Baringo na Bogoria wako kigae cha kaskazini yake, N00E036, kwa sababu Ikweta inapita katikati yetu.

Fikiria maajabu hayo. Mwaka 1883 Joseph Thomson alifika Baringo kwa miguu, na mwaka 1893 J. W. Gregory akapita humu, mtu yuleyule aliyelipa bonde letu jina kwenye vitabu vya Waingereza. Wapelelezi wa siku zile walikuwa wakipima urefu wa nchi kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, maana kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Hapa Nakuru sufuria yako inachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. (Sasa unajua kwa nini maharagwe yanakula makaa.) Leo mimi, nikiwa nimekaa Section 58 na kipakatalishi, nina urefu wa nukta karibu milioni 13 kwenye faili moja.

Kila kigae kina mistari 3,601 na safu 3,601. Na kila urefu umeandikwa kwa mita kamili katika biti 16, yaani baiti mbili. Shika hiyo biti 16 mkononi, tutaihitaji.

Programu yangu ilifanya kazi vizuri tangu mwaka 2021. Kisha Agosti 2024 nikabadilisha kompyuta, nikaweka kila kitu upya, na pamoja na hivyo ikaja NumPy toleo la 2.0. Kwa wasioijua, NumPy ndiyo maktaba inayofanya Python iweze kuhesabu majedwali makubwa ya namba kwa haraka. Nusu ya sayansi ya siku hizi imekaa juu yake. Ile picha ya kwanza ya shimo jeusi ya Aprili 2019 ilipikwa kwa msaada wake. Niliendesha programu, hakuna kosa lililotokea, karatasi ikatoka, nikaituma kwa mwenyekiti wa kikundi. Yeye akachapisha nakala na kubandika.

Siku mbili baadaye simu ikalia. Alikuwa mama wa rafiki yangu, anakaa Kampi ya Samaki.

"Kijana wangu, hiyo kompyuta yako inasema nyumba yangu imezama?"

"Karatasi imeandikwa hivyo, mama?"

"Imeandikwa. Basi ujue nakupigia kutoka ndani ya maji, na miguu yangu imekauka. Lakini jirani yangu hakucheka kama mimi. Ameshaanza kung'oa mabati."

Hapo moyo wangu ulishuka. Ilikuwa miezi minne tu tangu maji yabebe watu Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Mwaka ule ukimwambia mtu wa Bonde la Ufa kwamba kwake kumezama, hakuulizi swali la pili. Nilimwambia, "Mama, mwambie asing'oe kitu. Kosa ni langu. Nipe siku chache." Kisha nikaketi.

Nilipofungua karatasi nzima nikaona mambo ya ajabu. Viwanja vyote vya Nakuru na Naivasha vilikuwa HAKUNA DATA. Viwanja vya Baringo vilivyo karibu na ziwa vilikuwa IMEZAMA, na vile vya juu kidogo vilikuwa HAKUNA DATA. Hakuna hata SALAMA moja. Nikaiambia programu inionyeshe urefu wenyewe badala ya neno, nikauliza kuhusu ufuo wa Ziwa Nakuru. Ikajibu: mita 207.08 chini ya usawa wa bahari. Chini ya bahari, ndugu zangu! Nakuru! Nikatoka nje nikaangalia Menengai. Ilikuwa bado ipo.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mpangilio wa baiti. Faili za SRTM huandika baiti kubwa kwanza, na kompyuta zetu nyingi husoma baiti ndogo kwanza. Ukisahau kugeuza, unapata uchafu. Lakini urefu wa ufuo wetu ni takribani mita 1,759, na 1,759 ikigeuzwa baiti zake inakuwa −8,442, haiwi −207. Nikaichapisha namba ghafi kutoka kwenye faili: 1759. Safi kabisa. Mshukiwa aachiliwe.

Mshukiwa wa pili alikuwa alama za ramani, labda nimebadilisha kaskazini na kusini. Nikapima Menengai, ambayo kilele chake ni mita 2,278. Programu ikasema 311.92. Nikataka kuifunga kompyuta nikalale, lakini mkono ukanituma kufanya hesabu moja ya kutoa kwenye karatasi. Kutoka −207.08 hadi 311.92 ni mita 519 kamili. Na kutoka 1,759 hadi 2,278? Mita 519 kamili.

Hapo usingizi ukaruka. Programu ilikuwa inakosea mahali, lakini haikukosea tofauti. Nakuru na Menengai walikuwa wamehamishwa pamoja, kama vile mtu amebeba mji na mlima wake akaviteremsha kwa kiasi kilekile. Kiasi gani? Programu yangu hugeuza mita kuwa sentimita, kwa sababu vijiti vya kupimia maji ziwani husomwa kwa sentimita. Ufuo wa Nakuru ni sentimita 175,900. Programu ilisema −20,708. Tofauti ni 196,608. Nikapima Naivasha kwa mita 1,890: tofauti 196,608. Nikapima Baringo, mahali pa mita 970, yaani sentimita 97,000. Programu ilisema 31,464. Tofauti ni 65,536.

Aliyewahi kukaa na kompyuta usiku anaijua 65,536 kama anavyoijua namba ya simu ya mamake. Ni mbili ikizidishwa yenyewe mara 16. Na 196,608 ni tatu mara 65,536. Mdudu alikuwa ameacha nyayo.

Ngoja nieleze kwa wasio wa fani. Umewahi kupanda matatu nzee ya kwenda Nairobi ukaona ile mita ya kilomita kwenye dashibodi? Ina nafasi tano tu. Ikifika 99,999 haina pa kuandika laki moja, inarudi 00,000, na gari la mwaka 1985 linaonekana limetoka dukani jana. Namba ya biti 16 ni mita ya namna hiyo. Inaweza kubeba kuanzia −32,768 mpaka 32,767, basi. Ukiongeza moja juu ya 32,767 inapinduka inakuwa −32,768. Ikizungushwa tena na tena, haikumbuki imezunguka mara ngapi. Nakuru ilikuwa imezungushwa mara tatu. Tunasema namba imefurika. Ziwa langu limefurika, na namba niliyotumia kulipima ikafurika pia.

Urefu wa mita unaingia vizuri katika biti 16, maana hata Everest haifiki mita 9,000. Ila nikizidisha kwa 100, chochote kilichozidi mita 327 kinamwagika. Mombasa, Malindi na Kilifi ziko chini ya mita 327. Na majaribio ya programu yangu, nasema kwa aibu, niliyanakili kutoka kazi yangu ya zamani iliyohusu pwani. Yote yalipita. Ukipanda Bonde la Ufa, yote yanaanguka.

Sasa kumbuka yule babu aliyelipua roketi. Tarehe 4 Juni 1996, kule Kourou, Wazungu wa Ulaya walirusha roketi mpya Ariane 5 kwa mara ya kwanza. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi kwa miaka. Ndani yake kulikuwa na hatua moja ya kuchukua namba kubwa ya biti 64 na kuiingiza katika biti 16. Ariane 4 haikuwa na kasi ya kuelekea pembeni iliyotosha kuvuka 32,767. Ariane 5 ilikuwa nayo. Namba haikuingia, kompyuta ya mwelekeo ikazimika, ya akiba nayo ikazimika kwa kosa lilelile, na chini ya sekunde arobaini baada ya kuruka roketi ikapinda na kujilipua. Programu iliyojaribiwa pwani ikapandishwa Bonde la Ufa. Tofauti yangu nao ni bei tu.

Lakini swali lilibaki. Kama kosa ni biti 16, mbona kuanzia 2021 hadi 2024 programu haikukosea? Mstari wenyewe ni huu, sikuugusa:

sentimita = urefu[i, j] * 100

Jibu liko kwenye historia ya maktaba. Watu wa kwanza kutunza hesabu zilizokwisha kuandikwa ili wengine wasiandike upya walikuwa kina Maurice Wilkes na David Wheeler, Cambridge, kwenye mashine ya EDSAC mwaka 1949. Wilkes mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyotambua siku moja, akiwa kwenye ngazi, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ingekwisha akitafuta makosa katika programu zake. Ikaja FORTRAN mwaka 1957, zikaja maktaba za LINPACK mwaka 1979 na LAPACK mwaka 1992. Mwaka 1995 Jim Hugunin, mwanafunzi wa MIT wakati huo, akaandika Numeric, ili Python nayo iweze kubeba majedwali ya namba. Wanaanga wakatengeneza ya kwao, numarray. Kwa muda kukawa na nyumba mbili, hadi Travis Oliphant alipoziunganisha, na mwaka 2006 ikatoka NumPy 1.0.

Waasisi hawa walikuwa na shida moja kubwa: kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali. Kigae changu kwa biti 16 ni kama megabaiti 26. Kwa biti 64 kinakuwa zaidi ya 100. Hebu fikiria mwaka 1995 unazidisha picha yako kwa 100, kompyuta inaamua kuikuza mara nne bila kukuuliza. Inagandia hapohapo. Kwa hiyo ikawekwa desturi kwamba namba moja ndogo isikuze jedwali zima. Jedwali la biti 16 likizidishwa kwa 100 linabaki la biti 16, hata kama litafurika. Lakini namba moja ikikutana na namba nyingine moja, hapo hakuna hasara ya kumbukumbu, basi zipewe nafasi ya kutosha.

Mmeona? Mimi sikuzidisha jedwali. Nilikuwa nachomoa kiwanja kimoja kimoja, urefu[i, j], kwa sababu mwaka ule nilikuwa mvivu wa kujifunza njia bora. Namba moja mara namba moja. NumPy ya zamani ikanipa biti 64 kimyakimya. Ningeandika programu kama mafundi wanavyoshauri, jedwali zima kwa mkupuo, Nakuru ingezama tangu 2021 na ningegundua siku ileile. Uvivu wangu ulinificha kwa miaka mitatu.

Desturi ile ilikuwa na utata. Jibu lilitegemea kama unazidisha moja au nyingi, na wakati mwingine lilitegemea hata ukubwa wa namba yenyewe. Mwaka 2021 Sebastian Berg aliandika pendekezo namba 50 la mradi wa NumPy, akisema sheria iwe moja: aina ya namba iliyotoka kwenye jedwali ndiyo inayotawala, na hiyo 100 uliyoiandika kwa mkono inafuata. Pendekezo likaingia katika NumPy 2.0, iliyotoka tarehe 16 Juni 2024, toleo kubwa la kwanza tangu 2006. Kuanzia siku hiyo, urefu wa biti 16 mara 100 ni biti 16, ukiwa mmoja au ukiwa milioni. Mimi nasema wamefanya vyema. Sheria inayobadilika kwa kuangalia sura ya mtu si sheria.

Na walionya! Waliandika mwongozo mrefu wa kuhama. Hata katika toleo la 1.26 uliweza kuweka NPY_PROMOTION_STATE=weak_and_warn, na maktaba ingekuonyesha kila mstari utakaobadilika. Zaidi ya hayo, namba moja ikifurika, NumPy hutoa onyo waziwazi. Mbona sikuliona? Kwa sababu juu kabisa ya programu yangu, mwaka 2022, nilikuwa nimechoshwa na maonyo ya vitu vingine, nikaandika mstari wa kunyamazisha maonyo yote. Mlinzi alipiga kelele usiku, nami nilikuwa nimemfunga kitambaa mdomoni.

Sijamaliza kuungama. SRTM huandika −32,768 mahali rada haikuona kitu. Kwa hiyo nilikuwa na ukaguzi mmoja wa kujivunia: urefu ukiwa chini ya sifuri, andika HAKUNA DATA. Ndiyo maana Nakuru na Naivasha, zilizopinduka zikawa hasi, zilitupwa kimya. Baringo, kwa bahati mbaya yake, ilipinduka ikaangukia upande wa chanya. Mita 970 ikawa 314, na 314 ni chini ya ziwa lolote la kwetu, kwa hiyo IMEZAMA. Mpaka wa balaa ulikuwa mita 983: chini yake unaambiwa umezama, juu yake unaambiwa hupo. Na zile nukta ambazo kweli hazina data? −32,768 mara 100 ikizungushwa katika biti 16 inarudi kwenye sifuri kamili. Sifuri si hasi, ukaguzi unaipitisha. Yaani penye data paliandikwa hapana, na pasipo na data pakapewa urefu wa ufuo wa bahari. Nilicheka peke yangu saa nane usiku, kisha nikamkumbuka yule jirani na mabati yake, kicheko kikakatika.

Dawa ilikuwa neno moja: geuza jedwali kuwa biti 32 kabla ya hesabu yoyote.

urefu = urefu.astype(np.int32)

Biti 32 hubeba zaidi ya bilioni mbili, hata ukipima kwa milimita hautamaliza. Kisha nikaondoa kile kitambaa cha maonyo. Nikaweka ukaguzi wa −32,768 mwanzoni, kabla ya kuzidisha. Nikaongeza majaribio ya kwetu: Menengai lazima iwe juu ya Nakuru, Nakuru juu ya Baringo, na hakuna sehemu ya kaunti yetu iliyo chini ya mita 327. Majaribio matatu ambayo mtoto wa shule ya msingi hapa Nakuru angeweza kuniandikia.

Nikaandika pia jambo ambalo ilifaa niliandike tangu mwanzo. SRTM inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kugeuza mita kuwa sentimita hakukuifanya iwe sahihi zaidi, kuliifanya ionekane hivyo. Karatasi mpya haina tena SALAMA wala IMEZAMA. Ina "pima kwanza" na "pima baadaye". Kompyuta isimwambie mtu ahame, ituambie tu tuanze kupima wapi.

Asubuhi nilimpigia mama wa Kampi ya Samaki. Nikamweleza, nikaomba radhi, nikamwomba aniombee radhi kwa jirani. Aliuliza, "Kwa hiyo kompyuta ilisahau kuhesabu?" Nikamwambia hapana mama, ilihesabu sawasawa kama ilivyoagizwa, ila nilikuwa nimeipa kibaba nikaitaka ipime gunia. Akasema hilo ameelewa. Jumamosi tulikwenda huko na kamba, kijiti na wazee wawili, tukapima. Nyumba yake iko mita chache juu ya maji. Si nyingi za kumfanya alale bila kuangalia ziwa. Jirani amerudisha mabati, ila misumari mipya nimenunua mimi. Ndiyo gharama ndogo kuliko zote nilizowahi kulipa kwa mstari mmoja wa programu, na nimeiandika daftarini nisisahau.

Wewe unayeandika programu popote ulipo, Eldoret, Arusha au Goma, ukipandisha toleo la maktaba yako usitosheke kuona haikulalamika. Mpe namba ambazo jibu lake unalijua kwa macho. Mimi nina Menengai dirishani, na sasa iko kwenye majaribio.

Haya, tuonane wiki ijayo.